Sufuria Haidanganyi, Taa Ndizo Hudanganya

Leo tuzungumzie taa. Si taa za nyumbani, bali zile tunazoziweka ndani ya kompyuta tunapotengeneza picha ya bidhaa bila kamera. Kiti cha Bertil cha IKEA kilitengenezwa hivyo mwaka 2006, na leo kazi hii inaweza kufanyiwa hapa Busia au Malaba.

Mimi naandika programu, na msimamo wangu ni huu: taa hizo ziwekwe ili mnunuzi aione bidhaa, si ili adanganyike.

Chukua sufuria ya alumini. Kitu kinachong'aa huonyesha yaliyo mbele yake. Ukiizungushia mwanga laini pande zote, bati jembamba litaonekana kama sufuria nzito. Mnunuzi wa Tororo akiiona kwenye simu, atatuma pesa na mzigo utavuka mpaka. Ikifika nyepesi, kuirudisha ni nauli nyingine. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza kusimama mara mbili, lakini hakiwezi kurudisha imani ya mteja.

Mama anayenunua sokoni analijua hilo. Huinua sufuria, huielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, huigeuza polepole. Viwanda vya magari hukagua mabati kwa mistari ya taa kwa sababu hiyo hiyo: mng'ao ukipinda, bati nalo limepinda.

Programu ya HDR Light Studio, ya kampuni ya Lightmap ya Uingereza, imejengwa juu ya wazo zuri. Unabofya kwenye modeli pale unapotaka mng'ao, nayo inakokotoa taa ikae wapi. Lakini ni ya kulipia. Asiye na fedha achukue Blender, ambayo msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2002 baada ya kuchangwa euro 100,000. Haina malipo yoyote.

Ndani ya Blender weka taa ndefu, nyembamba, ubavuni mwa sufuria. Weka nyingine ndogo juu ya mdomo wake, ili unene wa ukingo uonekane. Upande wa pili simamisha ubao mweusi. Hapo mstari wa mng'ao utafuata kila bonde, mradi tu modeli yenyewe ina vipimo vya sufuria ya kweli.

Wapo watakaosema mteja hupenda picha ya kupendeza. Sawa, lakini wahenga walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sufuria nzuri ya fundi wa jua kali haihitaji kufichwa na mwanga.

Kwa hiyo, vijana wa kompyuta mlioko mpakani, mkipewa kazi hii andikeni chini ya picha kwamba imetengenezwa kwa kompyuta, na unene utajwe kwa milimita. Mteja aliye ng'ambo hana mlango wa kuielekezea sufuria. Taa zetu ndizo mlango wake.

Mnaonaje?