Kazi Tunaijua, Karatasi Ndiyo Hatuna

Siku hizi kila mgeni rasmi akishika kipaza sauti anasema lile lile: enzi ya vyeti imekwisha, sasa ni enzi ya ujuzi. Tumelisikia kwenye mahafali, tumelisikia kwenye mikutano ya hadhara, tumelisikia redioni alfajiri tukiwa stendi tunasubiri gari za Mbezi. Akishalimaliza hilo anaongeza la pili, kwamba akili mnemba imeingia na asiyejiongeza ataachwa. Tunapiga makofi kwa sababu tunaamini. Kesho yake tunakwenda getini kuomba kazi, na swali la kwanza tunaloulizwa ni: "Cheti unacho?"

Hapo ndipo tulipokwama sisi wa wilaya ya Kibaha, watu wa Mlandizi, Janga, Kilangalanga, Mtongani na vijiji vya kule Kwala na Magindu. Hatulalamiki kwamba kazi ziko mbali. Barabara ya Morogoro inatupitia mlangoni. Maji wanayokunywa watu wa Dar es Salaam, sehemu yake husukumwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu, hapa hapa kwetu. Treni ya umeme inapita Soga na Ruvu tangu Juni 2024. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, na jirani yake kongani ya viwanda inajengwa. Makontena tunayaona yakipita, mabango ya viwanda tunayaona yakisimikwa. Kazi zimetufuata hadi nyumbani. Kilichotushinda ni kuvuka geti.

Tuna fundi wetu wa kuchomelea pale karibu na stendi. Aliishia darasa la saba, kazi akafundishwa na mjomba wake. Milango ya nusu ya mji huu ni yake, na matela ya kubebea mpunga kutoka bondeni ni yake pia. Kiwanda kimoja kilipokatikiwa na fremu ya mashine usiku, aliitwa yeye. Akachomelea hadi alfajiri, mashine ikawaka, akalipwa pesa ya kibarua. Nafasi ya kudumu ilipotangazwa akaambiwa hana sifa ya hata kuandika maombi, maana hana cheti cha ufundi stadi. Akachukuliwa kijana mwenye cheti, mtoto mzuri na mwenye adabu, na jioni kijana huyo huyo ndiye anayepita kwa fundi: "Shikamoo mjomba. Bati jembamba namna hii niweke moto kiasi gani lisitoboke?" Fundi anamwelekeza. Hana kinyongo naye. Kinyongo tunacho sisi, si kwa kijana bali kwa utaratibu unaomlipa anayeuliza na kumwacha nje anayejibu.

Mama lishe wetu naye aliwalisha mafundi wa reli kwa muda mrefu. Anajua kilo ngapi za mchele zinatosha watu wangapi, anajua nani akopeshwe na nani asikopeshwe, hajawahi kumuumiza mtu tumbo. Kambi moja ilipotafuta msimamizi wa jiko, sharti la kwanza lilikuwa stashahada ya hoteli.

Mtu asidhani walio na karatasi wamepona. Watoto wetu tuliowasomesha kwa kuuza mashamba wamerudi nyumbani na bahasha za kaki. Wao wanaambiwa kinyume: karatasi unayo, uzoefu huna, leta miaka mitatu ya kazi. Kazi hujapewa, uzoefu utautoa wapi? Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 135,000. Katikati ya miaka hiyo miwili hotuba zimebadilika, zimehama kwenye elimu zikaja kwenye ujuzi. Foleni imerefuka tu. Hata waliosomea ualimu, waliopimwa darasani na chuoni kwa mitihani na mazoezi ya kufundisha, sasa wanaitwa tena kufanya mtihani wa kuandika ili waajiriwe. Kama cheti chao hakitoshi, na mazoezi yao hayatoshi, tuambiwe waziwazi ni kitu gani kinachotosha.

Tunaelewa hofu ilikotoka. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali uliwakuta watumishi 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi, na hakuna aliyefurahia habari ile. Watu walikuwa wametibiwa na kuhudumiwa na wasiostahili. Ndiyo maana matangazo ya ajira serikalini yanasisitiza kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa, vyeti halisi vinatakiwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) inatakiwa, na majina yasipolingana lazima kuwe na kiapo cha kisheria. Mtu aliyeandikwa Mwajuma kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwanajuma kwenye cha shule anatumia mwezi mzima kutafuta kulinganisha herufi mbili. Ukifikisha miaka 46 mlango umeshafungwa, hata kama ndio kwanza umekomaa kazini. Yote hayo yanahakiki karatasi. Mkono haujahakikiwa popote.

Na sasa akili mnemba imeifanya karatasi kuwa dhaifu zaidi, jambo ambalo wasemaji wetu hawalitaji. Zamani barua ya kuomba kazi ilikuwa inasema kitu juu ya aliyeiandika. Ulikuwa unaona mwandiko, unaona anavyopanga mawazo, unaona mahali alipojikwaa. Leo kijana anaingia steshenari, anamwambia dada, "Nataka barua ya kazi ya stoo." Dada anaielekeza simu, dakika mbili barua imetoka kwa Kiingereza kilichonyooka. Anayefuata anapata ile ile, limebadilika jina. Afisa utumishi anapokea barua mia moja, na zote zina bidii ile ile na uadilifu ule ule. Tunajua amechoka. Tunajua haziamini tena. Basi si hapo ndipo angetuita tuonyeshe kazi? Mpe mshonaji cherehani na mita mbili za kitambaa. Mpe dereva wa foklifti paleti tatu azipange. Mpe mtunza stoo daftari lenye makosa ayatafute. Asubuhi moja inatosha kumjua mtu. Badala yake wameongeza mihuri: barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini, nakala zilizogongwa na mwanasheria, na kila muhuri una gharama yake na nauli yake.

Huyo dada wa steshenari tumwangalie vizuri, maana ndiye mfanyakazi wa kwanza wa mji huu kuguswa na mashine hii. Riziki yake ilikuwa kuchapa na kutafsiri. Wanafunzi sasa wanajiandikia kwenye simu, na barua za mikutano ya vikundi zinaandikwa na makatibu wenyewe. Kazi ya kuchapa imempungukia. Lakini amejifunza nyingine bila semina ya mtu. Anajua kuielekeza mashine kwa maneno sahihi, na muhimu zaidi anajua kuikamata inapodanganya. Alishamfutia kijana mmoja uzoefu wa kampuni ambayo kijana hajawahi kukanyaga, mashine iliutunga yenyewe ili wasifu upendeze. Angeachia hivyo, kijana angeumbuka mbele ya wasaili. Kukagua maneno ya mashine kabla hayajamletea mtu madhara ndiyo kazi inayosemwa itatafutwa sana. Yeye anaifanya Mlandizi, kwa shilingi mia chache kwa ukurasa, na hakuna daftari popote linaloandika kwamba anaijua.

Jukwaa la Uchumi Duniani, katika ripoti yake ya 2025, limesema waajiri wanatarajia takriban asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi kubadilika ifikapo 2030. Hatubishi. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba sisi ni wazito wa kujifunza. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hakuna aliyetupeleka chuo. Bibi zetu walijifunza kutuma na kupokea, vijana wakawa mawakala, watu wakajenga kwa kamisheni. Tumejifunza kununua umeme wa LUKU kwa simu, tumejifunza mashine za risiti, tumejifunza namba za malipo ya serikali, na tiketi ya treni tunakata mtandaoni. Mashine zinazokuja na kazi ndani yake tunazijifunza haraka kuliko wanavyodhani. Shida yetu ni bando, ni simu yenye nafasi, ni masomo kuwa kwa Kiingereza, na ni kwamba ukishajifunza hakuna anayekuuliza umejifunza nini.

Tena watu wa Afrika Mashariki wamo tayari ndani ya mashine hizo. Mwaka 2023 jarida la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kuchukiza na kuyawekea alama, ili mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya OpenAI ujifunze kuyaepuka. Wao waliifundisha akili mnemba kabla haijafika kwetu. Tunayataja hayo kwa uchungu, kwa sababu ndugu zetu hao walikuwa na ujuzi uliotakiwa na dunia nzima, na bei yao ilipangwa kama ya watu wasiojua kitu.

Tusiseme pia kwamba ni Tanzania peke yake. Jimbo la Maryland nchini Marekani lilitangaza mwaka 2022 kwamba maelfu ya kazi zake hazitahitaji tena shahada, na makampuni makubwa yakatangaza vivyo hivyo. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Harvard na taasisi ya Burning Glass wakaangalia ni watu wangapi hasa waliopata kazi kwa mabadiliko hayo. Wakakuta ni chini ya ajira moja kati ya 700. Wenye makampuni walifuta neno shahada kwenye tangazo, lakini ndani ya chumba cha kuchagua wakaendelea kuchagua walewale. Habari hii inatuonya sisi tunaosubiri: tangazo likibadilika na mtu anayechagua asibadilike, hatujapata kitu.

Serikali haijakaa bure, na ni haki kulisema. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa kazi aliyoizoea, anaongezewa alichopungukiwa, anapewa cheti cha ngazi anayostahili. Ni wazo zuri kuliko hotuba zote tulizozisikia. Lakini fundi wetu alilisikia kwa abiria, si kwa ofisi. Kulifuata ni kufunga karakana, na siku karakana imefungwa nyumbani hakuna unga. Na akishakipata, mwenye kiwanda anakitazama cheti hicho kana kwamba ni cha daraja la chini. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Tunaiomba sehemu ya pesa hiyo ije Mlandizi kwa miguu yake: wapimaji wawili, gari la vifaa, wiki moja kila baada ya miezi michache.

Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza sekondari mwaka 2024 tuliupokea kwa furaha. Wazazi sasa tunauliza karakana iko wapi, kwa sababu mtoto anayejifunza umeme kwa kuchora saketi ubaoni atakuja kutuuliza maswali yale yale ya yule kijana wa bati jembamba. Kwa nini msimlete kwa fundi wetu siku mbili kwa wiki? Wilaya hii si ngeni kwa elimu ya kazi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likaunganisha shule, afya na kilimo mahali pamoja, na nchi nzima ikajifunza kutoka huku. Lililowezekana wakati nchi ni changa haliwezi kutushinda leo tukiwa na reli ya umeme.

Kwa hiyo tunataka haya, na tunayataka yakiwa yameandikwa. Kila kiwanda kinachopewa ardhi Kwala au Mlandizi kiwe na siku ya majaribio ya kazi kwa nafasi za ufundi, wazi kwa mwenye cheti na asiye nacho, na anayefaulu akapimwe na VETA akiwa tayari analipwa. Cheti cha urasimishaji kihesabiwe sawa na cha darasani cha ngazi ile ile. Kama maombi yanachujwa na mashine, tuambiwe, na aliyekataliwa aambiwe kilichompunguzia. Kituo kimoja cha kata kiwe na kompyuta, intaneti na mwalimu wa akili mnemba anayefundisha kwa Kiswahili, na tunapendekeza mwalimu wa kwanza awe dada wa steshenari, alipwe. Tangazo la kila nafasi libandikwe ofisi ya kata na stendi, kwa Kiswahili, likiwa na tarehe ya majaribio, orodha ya watakachokipima, na jina la ofisi tutakayokwenda kulalamika siku hiyo ikipita bila geti kufunguliwa.