"Nimeiona" Haitoshi Angani

Kama unaishi Eldoret, lazima umewahi kukalia boda inayokatiza Uganda Road huku lori la mahindi linakuja. Unamshika jamaa bega, unapiga kelele, naye anakujibu bila hata kugeuka: "Tulia, nimeiona." Mara nyingi huwa kweli ameiona. Lakini roho yako inajua kwamba hapo uhai wako umetundikwa kwenye neno moja la mtu mmoja.

Sasa wacha niwaambie kitu ambacho wengi wetu hatukijui. Hata ndege huendeshwa hivyo wakati mwingine.

Kwa kawaida waongozaji ndege huziachanisha kwa vipimo. Kwenye rada, moja iwe futi 1,000 juu ya nyingine, au ziachane kwa maili 3 hadi 5 za baharini, yaani kilomita 5 na nusu hadi 9 hivi. Lakini karibu na uwanja, hewa ikiwa safi, kuna njia fupi inayokubaliwa na sheria: macho. Ama mtu wa mnarani anaziona ndege zote mbili na kuzipanga, ama anamuuliza rubani, "Kuna ndege mbele yako kushoto, unaiona?" Rubani akijibu kwamba anaiona, anaambiwa ajitenge nayo mwenyewe. Kuanzia hapo vile vipimo vinawekwa kando na mzigo unahamia kwake.

Sisemi huo ni uzembe. Bila macho, uwanja wenye shughuli nyingi kama Wilson ungekwama. Ndege zingezunguka angani zikingoja zamu, mafuta yangeisha bure, na nauli, mnajua ingeenda wapi.

Shida ni jicho lenyewe. Binamu yangu anasomea urubani, na siku moja alinieleza kitu kilichoninyima usingizi. Ndege inayokupita kando utaiona ikisonga kwenye kioo. Ile mnayoelekea kugongana nayo haisongi. Inakaa pale pale kama doa la inzi, halafu sekunde za mwisho inafura ghafla. Na jicho la binadamu ni jepesi kushtukia kitu kinachosonga. Kwa hivyo ndege ya hatari zaidi ndiyo ngumu zaidi kuiona! Ongeza jua la asubuhi, bawa linaloziba upande mmoja, na redio inayoongea sikioni.

Nikapiga hesabu kidogo. Tuseme ndege ya abiria inaenda kilomita 300 kwa saa, na ndogo ya mafunzo 180, zikielekeana. Zinamaliza kilomita moja kwa sekunde saba na nusu. Huo ni muda wa kuandika "niko njiani" kwa simu.

Na haya si mambo ya ng'ambo pekee. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink iliruka kutoka Wilson ikielekea Diani, na watu 44 ndani. Iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 iligeuka ikatua salama. Kwenye Cessna walikuwa wawili, mwanafunzi na mwalimu wake, na wote walifariki. Sitaki kumhukumu mtu yeyote hapa. Nasema tu kwamba ilikuwa mchana, karibu na uwanja wenye mnara, na bado ndege mbili zilikutana.

Kwingine neno "nimeiona" limeshasikika kabla ya msiba. San Diego, Marekani, 1978: marubani wa Boeing 727 waliambiwa kuna Cessna mbele, wakasema wameiona, kisha ikawapotea. Watu 144 walikufa. Washington, tarehe 29 Januari 2025, usiku: marubani wa helikopta ya jeshi walisema wanaiona ndege ya abiria, wakaomba kujitenga nayo kwa macho, wakakubaliwa. Watu 67. Baada ya hapo ndipo Marekani ikazuia njia hiyo ndani ya maili 5 za uwanja ule. Miaka 46 kati ya misiba miwili, na jicho ni lile lile.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Macho yabaki, lakini yawe ulinzi wa pili, yasiwe wa pekee. Kila ndege inayoruka karibu na viwanja vya abiria, hata ile ndogo kabisa, ibebe kifaa kinachotangaza mahali ilipo, ili mnara na ndege nyingine ziione hata kama jicho limekosa. Ndege za mafunzo zitengewe saa au eneo lao mbali na njia ya abiria. Na usiku, "nimeiona" isikubaliwe kabisa mahali palipo na abiria.

Najua jibu: vifaa ni ghali, shule ndogo zitafungwa. Sawa. Lakini tunakumbuka sheria za Michuki za 2004? Wenye matatu walilia kwamba mikanda na vidhibiti mwendo vitawamaliza. Waligoma, kisha wakafunga, na matatu bado ziko barabarani. Kama gharama ni kubwa, serikali ipunguze ushuru wa vifaa hivyo. Hiyo ni hesabu inayowezekana.

Mtu wa Eldoret anaweza kusema hii ni shida ya Nairobi, huku kwetu anga ni pana na ndege ni chache. Lakini ukipanda ndege hapa, unatua wapi? Wengine Jomo Kenyatta, wengine pale pale Wilson. Mamangu alipita hapo mwaka jana akienda kliniki. Alikaa dirishani, akanipigia simu baadaye akisema ameona twiga.

Mimi nilichowaza ni kama kuna aliyekuwa anamwona yeye.

Wewe je, ukiwa kwenye kile kiti, "nimeiona" ingekutosha? Niandikie hapo chini, hasa kama wewe ni rubani au unafanya kazi mnarani. Nataka kusikia pale nilipokosea.