Msaidizi wa Utafiti na Neno "Akili"

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeajiriwa kuwa msaidizi katika utafiti wa saikolojia hudhaniwa kuwa mchukuzi tu: abebe hojaji, aulize, aandike jibu, arudishe karatasi. Katika eneo la Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria, dhana hii ina hatari. Huko, maabara ya mwanasaikolojia aghalabu si chumba chenye mitambo, bali ni kivuli cha mti katika boma la mhojiwa, na chombo kikuu cha kupimia ni lugha. Anayekishika chombo hicho ni msaidizi.

Mfano mwafaka unapatikana Usenge, ufuoni magharibi ya Kisumu. Mwaka 2001, Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha utafiti kuhusu watoto 85 wa Kijaluo wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Ilibainika kwamba watoto waliozijua vyema dawa za mitishamba hawakuwa ndio waliong'ara katika majaribio ya kishule. Katika baadhi ya majaribio hayo, walielekea kupata alama za chini zaidi. Mwaka uo huo, Elena Grigorenko na wenzake walionyesha kwamba Wajaluo huigawa akili katika dhana nne: rieko, yaani maarifa na ustadi, ukiwemo wa darasani, luoro, yaani heshima, paro, yaani fikra na wepesi wa kuanzisha jambo, na winjo, yaani uelewa, neno lenye asili ya kusikia.

Swali linalozuka ni hili: msaidizi akiagizwa kumwuliza mzazi ni mtoto yupi mwenye akili zaidi, atatumia neno lipi? Akisema rieko, huenda mzazi akamtaja hodari wa darasani. Akisema luoro, huenda akamtaja mwingine kabisa.

Wapo wanaoshikilia kwamba tafsiri rejeshi hutatua tatizo hili. Hoja yao ina uzito, kwani njia hiyo hufichua makosa mengi. Hata hivyo, neno "akili" hutoka katika Kiingereza na kurudi huko salama salimini. Luoro na winjo huachwa ufuoni, wala pengo halionekani. Kiswahili chenyewe hakijalitenga sikio na busara, ndiyo maana wahenga walionya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanafunzi aliyefunzwa semantiki hulitambua jambo hili mapema.

Kwa hivyo, yafaa idara za Kiswahili zifundishe tafsiri ya hojaji kwa vitendo, wala zisiiachie bahati. Nao wasimamizi wa tafiti wamshirikishe msaidizi maswali yanapoundwa, wasimwite wakati wa kuyasoma tu, na mchango wake utajwe kwa jina katika ripoti. Vinginevyo, mtoto wa Usenge anayeijua dawa ya homa ataendelea kuandikwa kuwa hana akili, ilhali kilichopungua ni neno la aliyeuliza.