Tunataka konea inayoweza kungoja

Kila nikipitia habari za teknolojia ya afya naona jambo lile lile: kinachosifiwa ni kile kinachoshangaza watu, si kile kitakachofika Lodwar. Leo nataka tuongee kuhusu konea, maana hapo jambo hili laonekana wazi kabisa.

Kwanza tusichanganye mambo. Konea si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, ndani ya jicho. Konea ni ule utando mwangavu ulio mbele kabisa, wenye unene wa nusu milimita hivi. Hauna mishipa ya damu. Sehemu yake kubwa ni maji na nyuzi za kolajeni zilizojipanga vizuri mno, ndiyo sababu mwanga hupita. Utando huo ukiungua, ukipata kidonda kibaya, au kope zilizopinda kwa trakoma zikiukwaruza miaka nenda miaka rudi, hubaki kovu. Jicho lililo nyuma yake laweza kuwa zima kabisa, ila dirisha limezibwa.

Dawa tunayo tangu 1905. Tarehe 7 Desemba mwaka huo daktari Eduard Zirm alipandikiza konea mjini Olomouc, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Czech. Mgonjwa wake, kibarua aliyeunguzwa na chokaa, akaona tena. Kwa hivyo tatizo si ujuzi, tatizo ni vipuri. Utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la JAMA Ophthalmology ulikadiria kuwa watu milioni 12.7 walikuwa wakingoja, na kwamba ilipatikana konea moja tu kwa kila 70 zilizohitajika.

Sisi waandishi wa programu twaijua hali hii. Foleni ikijaa kwa sababu bidhaa haiingii, hata ukiongeza kasi ya mhudumu hujasaidia kitu.

Sasa tazama suluhisho zinazotangazwa. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliidhinisha Holoclar, tiba iliyotokana na kazi ya Graziella Pellegrini na Michele De Luca wa Italia: seli shina huchukuliwa ukingoni mwa konea ya mgonjwa mwenyewe, zikakuzwa maabara, kisha zikarudishwa jichoni. Mwaka 2018 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapa umbo la konea kwa printa kwa muda usiozidi dakika 10, ingawa halikuwekwa jichoni mwa mtu. Mwaka 2019 Kohji Nishida na wenzake wa Osaka, Japani, walimpandikizia mgonjwa utando uliokuzwa kutokana na seli zilizorudishwa katika hali ya uchanga.

Nawavulia kofia wote. Lakini kitu chenye seli hai kinataka maabara safi, umeme usiokatika na safari isiyochelewa. Hivyo vitatu ndivyo haswa tusivyo navyo katika kaunti nyingi.

Mimi nashabikia kazi isiyo na makeke. Mwaka 2010 timu ya May Griffith na Per Fagerholm nchini Sweden ilitoa matokeo ya wagonjwa 10 waliowekewa kolajeni ya binadamu iliyotengenezwa kwa hamira; baada ya miaka miwili, 6 walikuwa wanaona vizuri zaidi. Mwaka 2022 timu nyingine ya Sweden ikaja na kolajeni iliyosafishwa kutoka ngozi ya nguruwe. Wagonjwa 20 wa India na Iran walipasuliwa kidogo tu, kikapachikwa kipande hicho bila kuondoa konea yao. Kabla ya hapo 14 kati yao walikuwa vipofu. Miaka miwili baadaye hakuna aliyekuwa kipofu. Na hapa ndipo penye uzito: kipande hicho chaweza kuhifadhiwa hadi miaka miwili. Konea ya marehemu, ikiwekwa kwenye baridi, hudumu wiki mbili hivi.

Najua wasomaji wangu wa Mombasa na Garissa watauliza kuhusu nguruwe. Ni swali la haki. Iran ni nchi ya Waislamu na wagonjwa wake walikubali, lakini si mimi wa kutoa fatwa. Ninachosema ni kwamba masheikh waulizwe mapema, si siku mgonjwa keshalazwa. Na ile njia ya hamira isisahauliwe.

Tusijidanganye pia. Wale 20 walikuwa na keratokonasi, ugonjwa wa konea kukonda na kuchongoka. Jicho la Turkana lililokwaruzwa na trakoma ni jambo jingine, halijathibitishwa. Ndiyo maana madaktari wetu na serikali wanapaswa kudai majaribio yafanyike hapa, kwa macho yetu, badala ya kungoja bidhaa ije na bei iliyokwisha kupangwa kwingine.

Kwa sasa konea ya binadamu bado yahitajika. Sheria ya Afya ya 2017 inakuruhusu kutoa viungo vyako baada ya kufa, kwa wosia, kwa hati, au hata kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Waambie watu wa nyumbani kwako. Kuongea hakuhitaji maabara.

Wewe waonaje?