Somo la mageuko lafaa kutendwa darasani, si kukaririwa

MWANAFUNZI wa Kidato cha Nne akiulizwa maana ya uteuzi asilia, aghalabu hujibu bila kusita. Atasema kwamba viumbe wenye sifa zinazofaa mazingira yao huishi na kuzaana, ilhali wasio nazo huangamia. Jibu hilo litamletea alama katika mtihani wa KCSE.

Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo kwa nini klorokwini, dawa iliyotibu malaria enzi za babu yake, iliachwa. Huenda akakujibu sawa na jirani yake ambaye hakusoma Biolojia: kwamba miili yetu iliizoea dawa hiyo, au kwamba vimelea vilijifunza kuikwepa.

Majibu yote mawili si sahihi. Kosa lenyewe si dogo, kwani anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea dawa hana sababu ya kujali jinsi jirani yake anavyozitumia.

Mada ya mageuko hufunzwa baada ya ile ya jenetiki, katika mwaka ambao walimu na wanafunzi wamebanwa na maandalizi ya mtihani wa kitaifa. Ni rahisi kwa mwalimu kusoma maelezo nao wanafunzi wakaandika. Charles Darwin na kitabu chake cha 1859 hugeuka kuwa majina na tarehe za kukariri.

Hata hivyo, kuna njia nyingine ambayo haihitaji maabara wala fedha. Mwalimu achukue gazeti kuukuu na kulitandaza juu ya dawati. Kisha akate vipande vidogo 90 vyenye ukubwa sawa: 30 kutoka kwa gazeti lilo hilo, 30 vya karatasi nyeupe na 30 vya karatasi nyekundu. Vipande hivyo ni wadudu, nao wanafunzi ni ndege.

Kila ndege hugeuka, huokota mdudu wa kwanza anayemwona, kisha hutazama kando kabla ya kurudi tena. Wakishaliwa wadudu 45, darasa huhesabu waliosalia. Kila aliyesalia huzaa mtoto mmoja wa rangi yake, idadi ikarejea 90, na mchezo ukaanza upya.

Baada ya vizazi vitatu au vinne, sura ya dawati huwa imebadilika. Vipande vya gazeti, ambavyo ni vigumu kuonekana, huwa vimeongezeka sana huku vyekundu vikipungua au kutoweka kabisa.

Hapa ndipo mwalimu anapaswa kuuliza swali la maana: ni kipande kipi kilichobadilika rangi? Wanafunzi watatambua kwamba hakuna hata kimoja. Hakuna kilichojitahidi, kilichojifunza wala kilichozoea. Kilichobadilika ni idadi ya kila aina katika kundi zima, kwa sababu baadhi waliishi wakazaa na wengine waliliwa.

Mwanafunzi aliyehesabu kwa mikono yake atakuwa ameelewa kwa nini klorokwini ilishindwa. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea, vichache vilikuwa na mabadiliko ya kijeni yaliyoviwezesha kustahimili dawa. Dawa iliwaua wenzao, navyo vikabaki kuzaana na kusambazwa na mbu.

Kenya iliiacha klorokwini kama tiba kuu ya malaria mwaka wa 1998 na kuanza kutumia sulfadoksini-pirimethamini (SP). Haikuchukua muda kabla ya dawa hiyo nayo kulemewa. Mnamo 2004 serikali ilitangaza kwamba ingetumia mseto wa artemetha na lumefantrini (AL), ambao ulianza kusambazwa katika hospitali za umma mwaka wa 2006.

Jaribio letu lina sehemu ya pili ambayo haifai kupuuzwa. Mwalimu aondoe gazeti na kutandaza karatasi nyekundu. Ghafla, vipande vyekundu ndivyo vinavyojificha na vile vya gazeti ndivyo vinavyoonekana. Ikiwa vyekundu vichache vilisalia, vitaongezeka tena. Ikiwa vilikwisha, havitarudi, kwani uteuzi asilia hauwezi kuchagua kisichokuwapo.

Jambo kama hilo limewahi kutokea barani Afrika. Malawi iliacha kutumia klorokwini mwaka wa 1993. Vimelea sugu havikuwa tena na faida yoyote juu ya wenzao, na vile vichache vilivyokuwa vikiuawa na dawa hiyo vikaongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerejesha uwezo wake wa kutibu karibu kila mgonjwa aliyeshirikishwa nchini humo.

Suala hili si la historia pekee. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa za malaria tunazotegemea, vimethibitishwa katika nchi za Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Mbili kati ya nchi hizo zinapakana nasi, na mbu hawatambui mipaka.

Vivyo hivyo, mtu anayemeza antibiotiki kutibu mafua hajidhuru peke yake. Mafua husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziui. Kile zinachofanya ni kuangamiza bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia uwanja walio sugu. Naye mgonjwa wa kifua kikuu anayekatiza matibabu huwapa nafasi bakteria sugu kuongezeka, kisha akawaambukiza jamaa zake.

Jaribio jingine linahusu damu yetu wenyewe. Mnamo 1949, daktari Anthony Allison, aliyelelewa humu nchini, aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa ya kawaida kwa wakazi wa Pwani na eneo la Ziwa Victoria, lakini adimu nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee hupata kinga dhidi ya malaria.

Darasa linaweza kuliona hilo kwa maharagwe 75 mekundu na 25 meupe ndani ya mfuko. Wanafunzi hutoa punje mbili mbili bila kutazama. Kila jozi ni mtoto. Jozi nyeupe tupu huondolewa kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu. Kwa jozi nyekundu tupu, hurushwa sarafu: upande mmoja ukitokea, malaria imemuua mtoto huyo. Jozi yenye rangi zote mbili huishi. Waliosalia hurudishwa mfukoni, na kila kizazi kikajazwa hadi punje 100 kwa uwiano uleule.

Maharagwe meupe hayatakwisha licha ya madhara yake. Lakini sarafu ikiwekwa kando, yaani malaria isipokuwapo, yataendelea kupungua. Mwalimu akumbuke kuwaeleza wanafunzi kwamba leo watoto wenye selimundu hutibiwa na wanaweza kuishi hadi utu uzima, kwani huenda mmoja wao yumo darasani.

Kuna wazazi na viongozi wa dini wasiofurahia somo hili. Mnamo 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga jinsi Makavazi ya Kitaifa yalivyonuia kuonyesha visukuku vya binadamu wa kale, yakiwemo mabaki ya mvulana wa Turkana yaliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984. Jaribio la karatasi halimtaki mwanafunzi aikane imani yake. Linamtaka ahesabu, aandike alichokiona na aeleze sababu.

Ni kweli pia kwamba majaribio haya yana mipaka. Hayaonyeshi jinsi mabadiliko mapya ya kijeni yanavyotokea, wala jinsi spishi moja inavyozaa nyingine kwa mamilioni ya miaka. Kwa hayo, wanafunzi wanahitaji ushahidi wa visukuku na wa DNA. Isitoshe, kundi moja laweza kupata matokeo tofauti kwa bahati tu, hivyo ni busara darasa zima lijumlishe hesabu zake.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mwaka wa 2026. Mtaala huo uliletwa kwa ahadi kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda. Somo la mageuko ni mahali pazuri pa kuipima ahadi hiyo, kwani hakuna shule isiyoweza kupata gazeti kuukuu na konzi ya maharagwe.

Wizara ya Elimu na wanaowapa walimu mafunzo wahakikishe kwamba vipindi viwili vimetengwa kwa kazi hii, na kwamba mtihani unamuuliza mwanafunzi aeleze matokeo badala ya kutaja fasili. Vijana hao ndio watakaokuwa wauguzi, wauza dawa na wazazi. Wakiendelea kuamini kwamba mwili huzoea dawa, tutazipoteza dawa tulizo nazo jinsi tulivyoipoteza klorokwini.