Mtoto asiyetulia hatibiwi kwa fimbo

Mtoto wa miaka minane akishindwa kukaa kitini darasani, hukumu huwa tayari mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura: mkaidi, kachezewa, mama yake kamdekeza. Fimbo hufuata. Wengine hupelekwa kuombewa au kuzinguliwa, na mwaka wa shule unapita.

Tunasema wazi: fimbo haitibu. Upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu wa kupita kiasi ni hali ya ubongo, mara nyingi ya kurithi, na Shirika la Afya Duniani linaitambua. Mtoto huyo husikia agizo la kwanza, la pili limeshampotea, na daftari kalisahau madrasa. Hafanyi kusudi.

Tangu ada ya shule za msingi ifutwe nchini Burundi mwaka 2005, madarasa yamefurika. Mwalimu hawezi kumfuata mmoja, tunamwelewa. Lakini kumkalisha mbele, mbali na dirisha, kumpa agizo mojamoja na kumtuma afute ubao anapoanza kuhangaika hakungoji bajeti ya wizara. (Kumtimua nje ndiyo zawadi anayoitaka.)

Wizara ya Elimu iliingize jambo hili katika mafunzo ya walimu. Wazazi nao waache kuogopa kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, eti kule ni kwa wendawazimu. Si kila mtundu ana hali hii. Wa kupambanua ni daktari, si jirani. Na baba anayerudi jioni kuuliza tu nani kavunja kikombe, siku ya kwenda Kamenge naye aongozane na mama.