MAARIFA YA JUMA: Mahali pa Kusimama na Kamera Katika Mji Mkongwe wa Unguja



Karani mmoja ameniandikia kunieleza kwamba atakwenda Unguja pamoja na mkewe wakati wa likizo yake, naye ataka nimtajie mahali pazuri pa kupigia picha katika Mji Mkongwe. Asema ana siku mbili tu, na hapendi kurudi na picha ambazo kila mtu anazo. Ombi lake ni jema. Nimeona nimjibu hapa gazetini, maana siku hizi watu wengi wana simu yenye kamera mfukoni, na swali lake ni la wengi.

Kabla ya kumjibu sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilifika Unguja mara ya kwanza, nikaenda Forodhani kulitazama jumba la Beit al-Ajaib. Nilimpa kijana mmoja kamera yangu, nikasimama mbele ya jumba, nikamwambia asogee karibu ili uso wangu na tai yangu mpya vionekane vizuri. Vilionekana. Ama jumba lenyewe, picha yaonyesha nguzo moja na nusu. Sikujali, kwa kuwa nilisema moyoni kwamba jumba lililosimama tangu mwaka wa 1883 halitanikimbia. Nitalipiga picha siku nyingine. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafa. Picha yangu ningali nayo. Tai naiona, jumba silioni.

Basi yote nitakayoyasema leo yametoka katika kosa hilo. Mahali pazuri pa kusimama ni pale panapokuwezesha kukiona kitu chote kama kilivyo. Na ukipaona, piga picha siku hiyo hiyo.

JUA LIKO UPANDE GANI?

Mtu asitafute mahali kabla ya kujua jua liko wapi. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa, na majumba yake makubwa ya pwani yaelekea baharini. Kwa hivyo asubuhi jua huwa nyuma ya majumba hayo. Ukisimama Forodhani saa mbili asubuhi, utapata kuta nyeusi na mbingu nyeupe, kisha utailaumu simu yako bure. Ngoja mpaka saa kumi alasiri. Hapo jua limekwisha kuvuka, nalo hupiga kuta za chokaa usoni, na kila dirisha na kila roshani huonekana wazi.

Wakati huo simama katika bustani ya Forodhani, mgongo wako ukielekea bahari, na urudi nyuma mpaka karibu na ukuta wa pwani. Mbele yako utaona Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwashinda Wareno pwani yetu mwishoni mwa karne ya 17. Kando yake utaliona jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash. Lipige picha hata kama kuna jengo la mafundi au ua wa mabati mbele yake. Hayo nayo ni sehemu ya habari zake, na watoto wako watataka kuyajua.

Kisha tembea kwa kufuata pwani kuelekea Malindi. Huko utaona jumba refu lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka wa 1887, na ambalo baadaye likawa zahanati. Jumba hilo lilikuwa limechakaa sana, lakini lilifanyiwa matengenezo makubwa katika miaka ya 1990. Nakuomba uweke picha yake pamoja na ile ya Beit al-Ajaib. Picha hizo mbili zitakufundisha zaidi ya hotuba nyingi, kwa kuwa moja ni ya nyumba iliyowahiwa, na nyingine ni ya nyumba iliyochelewewa.

Jua huzama baharini kiasi cha saa kumi na mbili na nusu. Hapo utaona umati wa watu wamegeuza kamera zao kwenye jua lenyewe. Piga moja ukitaka, lakini jua la Unguja ndilo jua la Kisumu. Geuka nyuma ukautazame mji katika mwanga ule wa mwisho.

Mkisafiri kwa meli kutoka Dar es Salaam, kaeni upande wa kulia mnapokaribia kisiwa. Mtauona mji wote wa pwani ukipita mbele yenu, na hakuna mahali pa nchi kavu ambapo mngeweza kuuona hivyo. Lakini mkisha kuingia bandarini wekeni kamera mfukoni. Bandari, kambi za askari na Ikulu si mahali pa kuelekeza kamera bila ruhusa.

KATIKA VICHOCHORO

Ndani ya mji mambo ni mbali kabisa. Njia ni nyembamba na nyumba ni ndefu, hata jua lenyewe halifiki chini ila kwa muda mfupi. Hapa saa kumi alasiri haina faida, maana kila kitu ki kivulini. Mimi nilifundishwa hayo na mzee mmoja, na ningependa nawe uyapate kama nilivyoyapata.

Katika safari yangu ya pili niliuona mlango mzuri wa kuchongwa, na mzee mmoja ameketi kwenye baraza karibu yake. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umepotea?”

“Sikupotea, mzee. Naomba ruhusa niupige picha mlango huu.”

“Mlango haukatai, na mimi sikatai. Lakini sasa hutaona kitu. Jua hapa huingia saa tano u nusu, likakaa kidogo, likaondoka. Keti kwanza.”

Nikaketi. Muuza kahawa alipita, mzee akanunua vikombe viwili, naye akanionyesha mlango ulivyoungwa. Mihimili ya kando ni miimo, ule wa juu ni kizingiti, na ule wa katikati, unaofunika pengo la mbao mbili, ni mfaa. Akaniambia kwamba milango ya kale ya Kiarabu kwa kawaida ina kizingiti kilichonyooka, na ile yenye upinde juu ni ya baadaye, yenye mtindo wa Kihindi. Pembeni palichongwa mnyororo, ambao husemekana kuwa ni ulinzi wa nyumba.

Ilipofika saa tano na nusu, jua liliteremka ukutani kwa mshazari. Maua yote na mnyororo wote vikatoka katika ubao kana kwamba vimechongwa asubuhi ile. Niliinua kamera. Mzee akaniambia, “Ngoja wanawake wapite.” Nikangoja, wakapita, ndipo nikapiga. Haikupita robo saa, mlango ukawa kivulini tena.

Msomaji mpenzi, hakuna kitabu cha wageni kilichoandikwa saa ya jua ya kichochoro kile. Aliyeijua ni yule aketiye pale kila siku. Kama ningalipiga picha bila salamu, nikaenda zangu, ningalipata ubao mweusi. Kwa hiyo ukitaka kujua mahali pazuri katika mji wa watu, waamkie wenye mji. Na mtu akikataa, usibishane wala usimpige kwa siri kutoka pembeni. Uso wa mtu ni mali yake. Wanawake, watoto, wauzaji wa soko la Darajani, na watu wanaokwenda msikitini, wote hao waombwe kwanza. Wewe mwenyewe hungependa mgeni aje shambani kwako akupige picha ukiwa na jembe mkononi na shati lililochanika, kisha aondoke bila hata kusema hujambo.

MKUNAZINI

Mahali pengine hapafai kwenda kwa haraka. Mkunazini palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka wa 1873. Mwaka ule ule likaanza kujengwa kanisa mahali hapo, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, na ambaye pia alitoa kitabu cha kuelezea lugha yetu ya Kiswahili mwaka wa 1870. Nje ya kanisa pana shimo, na ndani ya shimo pana sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka wa 1998.

Nimeona watu wakisimama hapo na kucheka, wakiinua vidole mbele ya kamera. Sidhani kwamba wana moyo mbaya, hawakufikiri tu. Simama kimya kwanza, usome maandishi yaliyopo, kisha piga picha ya sanamu peke yake, bila wewe. Inama mpaka kamera iwe karibu na ukingo wa shimo, ili uzitazame nyuso zile ana kwa ana badala ya kuziangalia kwa juu. Wengi wa watu waliouzwa hapo walitoka bara. Huenda miongoni mwao walikuwamo jamaa za babu zetu.

JUU YA MAPAA

Siku ya pili, panda juu. Hoteli na mikahawa kadhaa ina sehemu ya kukaa kwenye paa. Nunua chai, na umwombe mwenye nyumba ruhusa. Kutoka huko utaona minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890, na minara ya misikiti, na mabati yenye kutu yaliyobanana kama vitabu rafuni. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000, na ukiutazama kwa juu utafahamu sababu, kwani watu wa dini na asili mbalimbali waliishi ukuta kwa ukuta.

TUNZA ULICHOPIGA

Picha isiyo na maneno husahauliwa upesi. Kila jioni andika katika daftari: ni mahali gani, tarehe gani, ulisimama wapi. Ukirudi nyumbani, chagua picha kumi, uzichapishe kwenye karatasi na uandike hayo nyuma yake. Simu huibiwa au huanguka majini, na picha zikapotea pamoja nayo.

Usidhani kwamba kazi hii ni ya mchezo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga majumba ya Sultani kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika. Leo twajua ulivyokuwa kwa sababu watu walisimama pale kabla ya siku hiyo na kamera zao. Hali kadhalika fundi atakaye kurudisha roshani iliyoanguka huhitaji kujua ilikuwa na nguzo ngapi na nakshi gani. Hawezi kuzihesabu kutoka kwenye tai yangu.

Kwa wale wasio na nafasi ya kwenda Unguja, kanuni ni hizo hizo kwetu. Lakini kumbukeni kwamba mji wa Lamu waelekea mashariki, na kadhalika ule upande wa Ngome ya Yesu ya Mombasa unaotazama bahari. Huko nendeni asubuhi mapema. Hata nyumba ya babu yako kijijini, yenye ukuta wa udongo, inastahili picha moja nzuri kutoka mbali kidogo, mlango ukionekana na mti wa uani ukionekana. Usiseme ipo tu. Mimi nilisema hivyo.

Namtakia karani wetu na mkewe safari njema, nami nitafurahi akiniletea habari ya mlango wake na saa yake ya jua. Mpaka juma lijalo, kwaherini.